Nyumba Yetu ya Mabanzi Kando ya Msitu

Wengi wetu tukisikia neno kujenga huwaza nyumba ya matofali mjini, yenye uzio na geti. Nyumba tunayoizungumzia leo si ya namna hiyo. Ni nyumba ndogo ya mabanzi, yenye vyumba viwili, sebule na baraza, iliyo kando ya msitu wa Magamba katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Haina umeme, na hakuna anayeishi humo mwaka mzima. Hata hivyo, katika vyote ambavyo Mungu ametujalia, hiyo ndiyo iliyotufundisha zaidi maana ya kuwa jamaa moja, na ndiyo pia ambayo nusura itutenganishe.

Wenzetu wa kikundi cha akina mama kanisani wametuomba mara nyingi tuwaeleze jinsi tulivyoijenga na jinsi tunavyoitunza. Tumeona vema tuandike, ili hata aliye mbali apate la kuchukua.

KWA NINI TULIJENGA

Kiwanja kilikuwa cha babu wa watoto wetu. Ni ekari moja na nusu kwenye mteremko, yenye migrivea, miparachichi na nyasi. Zamani Babu alikuwa na kibanda cha miti na udongo ambamo alilala wakati wa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe mwitu na kima. Alipofariki mwaka 2008, kibanda kilikuwa kimelala upande, nguzo zake zimeoza chini.

Watoto wa Babu ni watano, nao wametawanyika Tanga, Dar es Salaam, Moshi na Arusha. Baada ya mazishi yake tulikaa mwaka mzima bila kuonana, tukakutana tena kwenye mazishi mengine. Jioni ile Bibi alitutazama akasema, “Wanangu, hivi ni lazima mtu afe ndipo mje?” Hakuna aliyejibu.

Kesho yake mdogo wetu wa Dar es Salaam alisema kwamba amepata mnunuzi wa kiwanja, tukiuze tugawane. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na ada za watoto, tena ni kweli kwamba hakuna aliyekuwa akikitunza. Sisi wa Tanga tuliomba jambo moja: tupewe miaka miwili, tujenge mahali pa kukutania. Ikipita miaka hiyo na watu hawaji, basi kiuzwe. Wote walikubali. Hivyo basi, tulipoanza kujenga mwaka 2011 hatukuwa tukijenga nyumba ya starehe. Tulikuwa tukijenga tukihesabu siku.

MSINGI, KUTA NA PAA

Fedha yetu ilikuwa mshahara wa mwalimu, mshahara wa muuguzi, na zamu mbili za upatu. Ndiyo maana tulichagua mabanzi. Banzi ni ule ubavu wa gogo unaotoka kwanza wakati wa kupasua mbao, wenye gome upande mmoja. Maeneo ya Shume, ambako kuna shamba kubwa la miti la serikali, mbao za paina hupasuliwa kwa wingi na mabanzi huuzwa kwa bei ndogo. Tulinunua kwa risiti na kusafirisha kwa kibali, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kubeba mazao ya misitu bila hati. Katika msitu wa hifadhi, ambao ni jirani yetu, hatukukata hata fito moja.

Mbao mbichi hujikunja na kupasuka zikishapigiliwa. Kwa hiyo tulizipanga chini ya kivuli kwa miezi minne, tukitenganisha kila tabaka kwa vijiti ili upepo upite, na mabanzi tukayabandua magome, kwa kuwa chini ya gome ndipo wadudu hujificha. Wakati huo mwashi aliendelea na msingi. Kibanda cha Babu kilikuwa kimetufundisha kwamba nguzo iliyozikwa udongoni huoza. Sisi tulijenga viguzo vya mawe na saruji, vimeinuka sentimita 45 kutoka ardhini, na sakafu ya mbao ikakaa juu yake. Faida yake ni mbili. Hewa hupita chini na kukausha mbao. Pia mchwa akitaka kupanda hana budi kujenga njia yake ya udongo juu ya jiwe, mahali ambapo jicho linamwona.

Kuta za nje ni mabanzi yaliyosimamishwa wima, kila ufa umefunikwa kwa banzi jingine. Ndani tulipigilia mbao za inchi moja zilizopigwa randa. Paa ni la mabati ya geji 28, na upenu tuliutokeza sentimita 70 ili mvua isipige ukuta. Fundi alitaka kuupunguza abakize mabati, lakini Baba watoto alisimama imara. Ukuta wa mbao unaolowa kila masika hauna maisha.

Watu wengi hupaka mbao oili chafu ya magari. Inafukuza wadudu kweli, lakini ina sumu, nasi tulikuwa na watoto wadogo wanaogusa kila kitu na kuweka vidole mdomoni. Tulinunua dawa ya kuhifadhi mbao kidogo kidogo, tukapaka nje tu, kwa glovu, siku za jua.

MAJI, CHOO NA PANYA

Mmoja wetu amekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za viti na mapazia tuliuliza habari za maji na choo. Chini ya kiwanja kuna kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, nasi tulipima kwa kamba na kujenga juu zaidi ya hapo. Choo cha shimo kiko upande wa pili wa kiwanja, chini ya nyumba, kina mfuniko, na bomba lake la hewa lina wavu wa kuzuia nzi.

Maji ya kutumia tunayavuna kutoka paani. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,000, ingawa kiasi fulani hupotea njiani. Tangi letu la lita 2,000 hujaa kwa mvua chache. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunaiacha ioshe paa na kumwagika, na maji ya kunywa tunayachemsha.

Jambo la panya tulilichukua kwa uzito. Akina mama wa Lushoto wanakumbuka tauni iliyoingia wilayani mwaka 1980 na kurudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 20. Ugonjwa ule huenezwa na viroboto wa panya, na panya huja nyumbani kufuata chakula. Kwetu kila nafaka hukaa katika debe lenye kifuniko, kuni hupangwa mbali na ukuta, na hakuna anayelala chini. Vitanda vilitangulia kuliko meza.

Krismasi ya mwaka 2012 tulikuwa watu 21 katika nyumba ile. Mdogo wetu wa Dar es Salaam alikuja na mkewe na watoto. Bibi aliketi barazani amejifunga kanga mbili kwa baridi, akihesabu wajukuu kama mtu anayehesabu kuku jioni. Habari ya kuuza haikutajwa.

USIKU WA JULAI

Wanaoijua Lushoto wanajua baridi ya Julai. Mwaka 2015 watoto walikuja likizo, na watano kati yao walilala chumba kimoja, wawili wetu na watatu wa mdogo wetu. Jiko la mkaa lilikuwa barazani kama kawaida, na kila mtoto alijua kwamba halivuki kizingiti. Lakini usiku kijana wao mkubwa, wa miaka 14, aliwaona wadogo zake wakitetemeka. Akaamka, akaliingiza jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Alifanya hivyo kwa upendo.

Saa saba usiku tulisikia mtoto akitapika. Tulipofungua mlango, wawili walikuwa wakilia kwamba kichwa kinauma, wawili walikuwa wamelegea, na binti wa mdogo wetu, mwenye miaka sita, hakuamka hata alipotikiswa. Tuliwabeba wote nje, tukawafunika blanketi kwenye nyasi. Jirani aliwasha gari lake la mizigo na kutuchukua hadi hospitali. Binti yule aliwekewa oksijeni usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri alifumbua macho akaomba uji. Hatujui kama tumewahi kusikia neno tamu kuliko hilo.

Kila mama na alijue jambo hili. Mkaa unapowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu anapumua lakini mwili wake unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Mkiona watu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja, bila homa, na kuna jiko ndani, msingoje. Watoeni nje kwanza, kisha wapelekeni hospitali wapewe oksijeni, hata kama wanasema wamepata nafuu. Mama mjamzito na mtoto mchanga wamo katika hatari kubwa zaidi.

Mdogo wetu alifika jioni ya siku ile kwa basi. Hakutusalimu. Alimbeba binti yake, akamshika mkono yule kijana ambaye macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, na mlangoni akageuka akasema, “Niliwaambia tukiuze.” Kwa miezi minane hatukusikia sauti yake. Tulipopiga simu alipokea mkewe, kwa upole, akatuambia mume wake ametoka.

MATUNDU YA HEWA

Aliyevunja ukimya ule ni Bibi. Hakuita kikao cha ukoo. Alipanda basi hadi Dar es Salaam, mzee wa miaka 74, akakaa kwa mwanawe wiki mbili. Wifi yetu alitusimulia baadaye kwamba Bibi hakugusia habari ya kiwanja hata siku moja. Alishona nguo za wajukuu, na kila usiku alimwita yule kijana asali pamoja naye, kwa sababu mtoto alikuwa bado haamini kwamba amesamehewa.

Machi mwaka 2016 mdogo wetu alipiga simu yeye mwenyewe. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Aliuliza swali moja tu: “Ukuta wa chumba cha watoto una unene gani?” Wiki ya Pasaka alikuja na kijana wake na mzigo mzito juu ya basi. Ulikuwa ni jiko la chuma lenye mlango, alilolitengeneza mwenyewe, pamoja na bomba la kutoa moshi nje kupitia paani. Kwa siku tatu baba na mwana walitoboa matundu ya hewa katika kila chumba, mawili karibu na sakafu na mawili chini ya dari, wakayafunga wavu wa chuma ili panya wasipite. Matundu hayo hayana kifuniko. Hata mtu akihisi baridi namna gani, hawezi kuyaziba.

Kanisani tuliwahi kusoma katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, agizo kwa mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Tulikuwa tukiliona kuwa agizo la watu wa kale wenye nyumba za dari bapa. Baada ya Pasaka ile tuliliona kuwa agizo la upendo. Kumkaribisha mtu nyumbani kwako ni pamoja na kufikiri mapema juu ya kile kinachoweza kumdhuru akiwa amelala. Yule aliyekuwa na sababu kuliko wote ya kuichukia nyumba yetu ndiye aliyeijengea ukingo.

MATUNZO YA KILA MWAKA

Kujenga kulituchukua miezi 14. Kutunza hakuna mwisho, na hapo ndipo nyumba nyingi za mbao hufa. Sisi tumegawana mwaka kwa zamu, kila nyumba na mwezi wake.

Februari, kabla ya masika, tunasafisha mifereji ya paa iliyojaa majani, tunakaza misumari ya mabati iliyolegea na kuosha tangi. Juni, baada ya masika, tunazunguka viguzo vyote vya mawe tukitafuta njia za mchwa. Tukiiona tunaibomoa na kuweka dawa siku hiyo hiyo. Pia tunachoma ncha ya kisu katika mbao za chini, na pale inapozama kwa urahisi pameanza kuoza, hivyo kipande hicho hukatwa na kubadilishwa. Agosti tunafyeka nyasi na kukusanya majani makavu kwa upana wa mita 10 kuzunguka nyumba, maana moto wa msitu huanza na nyasi. Oktoba, kabla ya vuli, tunaondoa masizi ndani ya bomba la jiko. Desemba tunatoa magodoro juani na kufagia popo. Kila mwaka wa tatu tunapaka kuta dawa upya.

Nyuma ya mlango linaning'inia daftari. Anayelala katika nyumba ile huandika tarehe na kazi aliyoifanya. “Nimekaza bawaba ya dirisha.” “Nimepanda miche minane ya migrivea.” Watoto wadogo wameandika, “Nimeokota misumari.” Hakuna anayeondoka bila kuandika, hata kama amekuja kwa usiku mmoja. Kwa njia hiyo mgeni huwa mwenyeji, na mtoto hujua kwamba nyumba hii ni yake kwa sababu mkono wake umo.

MAJINA KWENYE HATI

Jambo la mwisho tunalotaka kuwaambia ni la karatasi. Wanawake wengi hutoa jasho kwenye nyumba na shamba, kisha mume akifariki huambiwa kwamba ardhi ni ya ukoo. Mwaka 2018, Bibi akiwa hai na mwenye akili timamu, tulikwenda wote ofisi ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na inazikataa mila zinazomnyima haki hiyo. Inaruhusu pia watu kumiliki kwa pamoja. Tuliandikisha jina la Bibi na ya watoto wake wote watano, wa kike na wa kiume. Wifi zetu wawili walioolewa nje walikuwa hawajawahi kuona majina yao katika karatasi yoyote ya baba yao. Mmoja wao aliishika ile hati, akaisoma mara mbili, akaomba aishike tena.

Bibi alilala katika Bwana mwaka 2022. Watu walikuja msibani, lakini safari hii hakuna aliyekuja kama mgeni, kwa maana wote tulikuwa naye miezi miwili kabla, katika ile nyumba ya mabanzi, akituonyesha ni parachichi lipi limeiva. Baada ya mazishi tuliketi kwa ajili ya mambo ya mali. Kulikuwa kimya. Kisha mdogo wetu wa Dar es Salaam akauliza, “Zamu ya Februari ni ya nani?” Kikao kikaishia hapo.

Wapendwa, si lazima iwe Usambara, wala si lazima iwe nyumba ya mabanzi. Huenda kwenu ni kibanda cha makuti pwani, au chumba kimoja kwenye shamba la mama. Kitengenezeni mapema. Wekeni matundu ya hewa, andikeni majina ya wote, na kila ajaye apewe kazi ndogo ya kufanya. Nyumba inayotunzwa na mikono mingi haipati nafasi ya kuanguka, na wanaoitunza pamoja hawasubiri msiba ndipo waonane.